Treni inaondoka saa ngapi? Namna ya kuuliza ratiba za usafiri kwa Kiitaliano

Na Mwandishi Wetu

MGENI kutoka Afrika Mashariki anayefika Roma kwa mara ya kwanza hukutana na mtihani ambao wengi hawakuufanyia mazoezi, nao ni kusoma saa. Karatasi ya miadi aliyopewa imeandikwa "ore 9". Akili iliyolelewa katika Kiswahili, tena iliyochoka kwa safari, huweza kuisoma tarakimu hiyo kuwa saa tisa, yaani alasiri. Kwa Mwitaliano hiyo ni saa tatu asubuhi.

Kosa hilo laweza kuwa na gharama. Sheria ya Italia inamtaka mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya, anayekusudia kukaa nchini humo zaidi ya miezi mitatu, aombe kibali cha kuishi ndani ya siku nane za kazi tangu alipoingia. Baada ya kuwasilisha maombi hupangiwa siku na saa ya kufika Questura, yaani makao ya polisi ya mkoa, ili achukuliwe alama za vidole. Kati ya chumba alichopanga na ofisi hiyo lipo basi, au treni, au vyote viwili. Nani wa kumuuliza, na kwa maneno gani?

Wanaosafiri kwenda huko kutoka kwetu si wachache. Wapo mapadri na watawa wanaokwenda kusoma katika vyuo vya kipapa vya Roma, kikiwamo Urbaniana ambacho chimbuko lake ni mwaka 1627, wapo wanafunzi wa ufadhili, wafanyabiashara na mahujaji. Pwani ya Kenya, katika miji ya Malindi na Watamu, na pia Zanzibar, Kiitaliano husikika ufukweni kila msimu wa watalii, na wapo vijana waliojifunza kwa sikio tu hata wakaweza kubishana bei. Hata hivyo, Kiitaliano cha kuuza safari ya mashua hakina neno "binario" wala "coincidenza", na hayo ndiyo maneno ya stesheni.

Ikumbukwe pia kuwa ratiba yenyewe ni jambo ambalo abiria wengi wa Afrika Mashariki hawakulizoea katika safari za mjini. Daladala na matatu huondoka zikijaa. Ni tangu treni za reli ya kisasa zilipoanza kubeba abiria, mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi na mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambapo abiria wa kawaida alianza kuachwa kwa kuchelewa dakika mbili. Nchini Italia mambo ndivyo yalivyo kwa treni, na kwa sehemu tu kwa mabasi.

Saa za Kiitaliano na saa za Kiswahili

Ratiba zote za treni nchini Italia huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na tangazo la spika hutamka hivyo hivyo. Treni ya saa nane na nusu mchana itatangazwa kuwa ya "quattordici e trenta", yaani kumi na nne na thelathini. Ya saa mbili usiku ni ya "venti", ishirini.

Kanuni ya kuzigeuza ni rahisi, na inafaa kuwekwa kichwani kabla ya kupanda ndege. Tarakimu kuanzia 7 hadi 18 huondolewa sita: 14 hubaki nane, saa nane mchana. Kuanzia 19 hadi 24 huondolewa kumi na nane: 20 hubaki mbili, saa mbili usiku. Zile za alfajiri, 1 hadi 6, huongezwa sita, hivyo 5 ni saa kumi na moja alfajiri.

Mtaani, hata hivyo, Waitaliano huzungumza kwa saa kumi na mbili. Mwenye duka la magazeti akiulizwa basi linapita lini hatasema "diciassette", atasema "alle cinque", saa tano kwa tarakimu yake, akimaanisha saa kumi na moja jioni. Akitaka kuwa wazi ataongeza "di mattina" kwa asubuhi, "del pomeriggio" kwa alasiri au "di sera" kwa jioni. Saa sita mchana ina jina lake, "mezzogiorno", na saa sita usiku ni "mezzanotte". Saa saba mchana ni "l'una", na kati ya saa zinazotajwa kwa namba ndiyo pekee isiyotanguliwa na neno "le" la wingi: husemwa "all'una", ilhali nyingine zote ni "alle due", "alle tre" na kuendelea.

Hapo ndipo Mswahili anapopata nafuu asiyoitarajia. "E mezza" ni "na nusu". "E un quarto" ni "na robo". "Meno un quarto" ni "kasorobo", neno kwa neno. Anayesema "le cinque meno un quarto" amesema saa kumi na moja kasorobo, na hakuna jipya la kujifunza isipokuwa ile tofauti ya saa sita.

Tofauti hiyo nayo haikuwapo daima. Warumi wa kale waliigawa mchana katika saa kumi na mbili kuanzia jua linapochomoza, hivyo saa yao ya sita, "hora sexta", ilikuwa adhuhuri, sawasawa na saa sita yetu. Baadaye miji ya Italia ilihesabu saa 24 kuanzia magharibi, mtindo ulioitwa saa za Kiitaliano. Ndani ya kanisa kuu la Firenze ipo saa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443, ambayo hadi leo huhesabu kwa utaratibu huo. Mnara wa ikulu ya Quirinale mjini Roma una saa yenye tarakimu sita tu. Mtindo wa kuanzia usiku wa manane ulienezwa na utawala wa Wafaransa wa enzi za Napoleon, na Novemba 1, 1893 nchi nzima ikaingia katika saa za Ulaya ya Kati, huku reli zikichukua hesabu ya 24. Kwa maneno mengine, Mwitaliano wa karne ya kumi na sita angemwelewa Mswahili haraka kuliko mkata tiketi wa leo.

Aidha, msafiri akumbuke kuwa Italia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja tu wakati wa kiangazi. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Simu hujirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haijirekebishi.

Salamu kwanza, swali baadaye

Kumwendea mtu na kumrushia swali bila salamu ni utovu wa adabu Roma kama ilivyo Tanga. Mazungumzo huanza kwa "buongiorno", na kuanzia jioni "buonasera". Kisha hufuata "scusi", niwie radhi. Neno hilo lina ndugu yake, "scusa", ambalo ni la rika, mtoto au rafiki. Kumwambia "scusa" mzee aliyeketi kituoni, au mtumishi wa dirishani, ni sawa na kumsalimia "mambo" mtu anayestahili shikamoo. Hatakukemea, lakini amesikia.

Matamshi hayamsumbui sana anayezungumza Kiswahili, kwa kuwa maneno mengi ya Kiitaliano huishia kwa irabu na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtego ni mmoja mkubwa: herufi "ch" za Kiitaliano husomwa "k", na "c" ikifuatwa na "i" au "e" ndiyo husomwa "ch" yetu. Kwa hiyo "che" hutamkwa "ke", na "dieci", yaani kumi, hutamkwa "diechi".

Swali mama la stesheni ni hili: "A che ora parte il prossimo treno per Perugia?" Maana yake ni treni ijayo ya kwenda Perugia inaondoka saa ngapi. Mji huo umetajwa kwa sababu una Chuo Kikuu cha Wageni, ambako raia wa nchi nyingi hujifunza lugha kabla ya kuanza masomo mengine. Anayetaka saa ya kufika hubadili kitenzi: "A che ora arriva?" Anayetaka ya mwisho ya siku, jambo la busara kwa mwenye kurudi usiku, huuliza "l'ultimo treno", na ya kwanza ni "il primo treno".

Neno dogo "per" lina uzito. "Il treno per Napoli" inakwenda Napoli, na "il treno da Napoli" inatoka huko. Aliyekosea kiungo hicho ataelekezwa kwa ukarimu wote kwenda kupokea wageni badala ya kusafiri.

Swali la pili halipaswi kusahauliwa: "Devo cambiare?", je, nitabadilisha treni? Kutoka Roma kwenda Perugia zipo treni za moja kwa moja, na zipo zinazomtaka abiria ashuke Foligno na kuunganisha nyingine. Jibu likiwa "bisogna cambiare a Foligno", huulizwa tena "Quanto tempo ho per la coincidenza?", nina muda gani wa kuunganisha. Likiwa "è diretto", hakuna kubadilisha.

Majina ya miji nayo yana mitego. Reggio Emilia iko kaskazini na Reggio Calabria iko kwenye ncha ya kusini kabisa ya bara, na kati yake ni safari ya karibu siku nzima. Venezia ina stesheni mbili kubwa, Mestre iliyo nchi kavu na Santa Lucia iliyo katikati ya maji. Milano, Roma na Firenze kila moja ina stesheni kadhaa. Anayeuliza tiketi atamke jina lote.

Ikiwa jibu limetoka kwa kasi, na mara nyingi hutoka kwa kasi, zipo sentensi mbili za kuokoa. "Può ripetere più lentamente, per favore?" ni ombi la kurudia polepole. "Me lo può scrivere?" ni ombi la kuandikiwa. Hii ya pili ni bora zaidi, kwani sikio geni huchanganya "sei" na "sette", sita na saba, lakini jicho halichanganyi. Ajabu ni kwamba wasafiri wengi huona haya kuitumia.

Bango la njano, bango jeupe

Katika stesheni za Italia hubandikwa mabango mawili makubwa ya karatasi. La njano ni la "partenze", treni zinazoondoka. Jeupe ni la "arrivi", zinazowasili. Mgeni mwenye haraka husimama mbele ya lile jeupe, akaona jina la mji wake na saa, akaridhika, kumbe hiyo ni saa ya treni inayotoka huko.

Juu ya ubao wa umeme ipo safu ya "binario", yaani namba ya reli ambako treni itasimama. Huulizwa "Da quale binario parte?" Namba hiyo huweza kubadilishwa dakika za mwisho, na tangazo husikika likitaja treni "delle ore", ya saa fulani, "in partenza dal binario", inayoondoka reli fulani, na "anziché", badala ya ile ya awali. Katika stesheni ya Termini ya Roma zipo reli zinazoitwa 1 Est na 2 Est, ambazo ziko mbali na ukumbi mkuu. Aliyeona "2 Est" akaenda reli ya 2 hana tena muda wa kurekebisha kosa.

Safu nyingine imeandikwa "ritardo", au kwa ufupi "rit.". Hizo ni dakika za kuchelewa. "È in orario?" huuliza kama treni inakwenda kwa wakati. "Cancellato" na "soppresso" yote mawili yana maana moja ya kusikitisha: treni hiyo haipo.

Kabla ya kupanda treni za mikoa, tiketi ya karatasi hugongwa muhuri katika mashine ndogo zilizo kwenye majukwaa. Tiketi ya simu ya treni hizo nayo huthibitishwa na abiria mwenyewe kwenye simu. Tiketi isiyogongwa ni kama haikununuliwa, na mkaguzi hutoza faini. Kwa treni za kasi, ambazo tiketi yake ina kiti na saa maalumu, muhuri hauhitajiki.

Neno linalowapoteza hata wanaojua Kiitaliano

Chini ya ratiba nyingi huandikwa "feriale" au "festivo". Anayejua kuwa "ferie" ni likizo atadhani "feriale" ni siku ya mapumziko. Kinyume chake ndicho sahihi. "Giorni feriali" ni siku za kazi, na katika ratiba Jumamosi huhesabiwa humo. "Festivi" ni Jumapili na sikukuu. Katika vitabu vya ratiba za reli, siku za kazi huonyeshwa kwa alama ya nyundo mbili zilizopishana, na sikukuu kwa msalaba.

Sikukuu zenyewe si zetu zote. Aprili 25, Juni 2, Agosti 15 na Desemba 8 ni siku za mapumziko Italia, na aliye Dar es Salaam au Nairobi hana sababu ya kuzijua. Agosti 15, inayoitwa Ferragosto, ndiyo inayowatesa wageni zaidi, kwani miji huwa mitupu na mabasi huwa machache. Vijijini huongezeka neno "scolastico", basi linalokwenda siku za shule tu. Kwa hiyo swali la tahadhari ni "Passa anche la domenica?", linapita hata Jumapili?, au "Domani è festivo?", kesho ni sikukuu? Ratiba za treni hubadilika katikati ya Desemba kila mwaka, kisha hufanyiwa marekebisho mwezi Juni, hivyo karatasi aliyoiacha mwanafunzi wa mwaka jana haifai kutegemewa.

Basi halitajwi kama treni. Treni "parte", huondoka, lakini basi "passa", hupita. "Quando passa il 64?" ni swali la kawaida kituoni Roma, na namba hiyo ni ya basi linalotoka Termini kwenda upande wa Vatikani. Yenye manufaa zaidi ni "Ogni quanto passa?", yaani hupita kila baada ya muda gani. Jibu "ogni venti minuti" ni kila dakika ishirini. Jibu "è appena passato" ni kwamba limepita sasa hivi, na hulisemwa kwa huruma ya kweli. Saa zilizoandikwa kwenye nguzo huweza kuwa za "capolinea", kituo cha mwanzo, si za kituo alichosimama abiria.

Tiketi za mabasi hupatikana maduka ya tumbaku yenye bango la herufi T, na kwa wauza magazeti. Ya kawaida ya Roma hudumu dakika 100 tangu kugongwa. Ndani ya basi lililojaa, anayetaka kufika mlangoni huuliza aliye mbele yake "Scende alla prossima?", unashuka kituo kijacho? Asiyeshuka humpisha, bila kusukumana.

Migomo na fidia

Neno "sciopero", linalotamkwa "shopero", ni mgomo. Migomo ya usafiri ni sehemu ya maisha ya Italia, nayo hupenda kuangukia Ijumaa, jambo ambalo wenyeji wamelizoea kiasi cha kulitania. Kwa mujibu wa sheria namba 146 ya mwaka 1990, mgomo wa huduma muhimu lazima utangazwe angalau siku kumi kabla, na huduma za lazima zidumishwe. Kwa treni za mikoa siku za kazi, safari huhakikishwa kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Mwenye miadi ya Questura siku ya mgomo na auulize mapema: "Quali treni sono garantiti?", treni zipi zimehakikishwa.

Kwa upande wa kuchelewa, abiria wa treni za masafa marefu ana haki ya kurudishiwa robo ya nauli ikiwa treni imechelewa kati ya saa moja na saa mbili, na nusu ya nauli ikizidi hapo. Neno la kutamka dirishani ni "rimborso". Wageni wengi hawalitamki kamwe.

Liko suala moja la mwisho, nalo ni treni za usiku. Zile ziendazo Sicilia kutoka Roma hukatwa mabehewa na kupakiwa ndani ya meli ili kuvuka mlango wa bahari wa Messina, huku abiria wakiwa wamelala. Kwa Mswahili, usiku huanza jua linapozama, na treni ya saa sita na dakika 20 usiku wa Jumamosi bado ni ya Jumamosi. Kwa reli za Italia, treni ya 00.20 ni ya Jumapili, na tiketi ya Jumamosi yenye saa hiyo ni ya treni iliyokwisha kuondoka karibu saa 24 zilizopita. Anayekata tiketi ya saa hizo hataji siku moja bali mbili: "la notte tra sabato e domenica", yaani usiku wa kuamkia Jumapili.